SUV ya moyo au SUV ya hesabu: namna ya kupima kabla hujalipa

Ukitaja mbele ya watu kwamba unatafuta SUV, utapata washauri wa aina mbili. Wa kwanza atakwambia chukua Toyota ufunge mjadala, utaitumia miaka na siku ya kuiuza itagombewa. Wa pili atakwambia maisha yenyewe mafupi, chukua gari ambalo ukilifunga mlango unageuka kulitazama tena. Wote wawili wana hoja, na wote wawili huwa hawatoi namba. Mwongozo huu ni wa kuziweka namba hizo mezani. Raha ya gari ina bei, na bei hiyo inahesabika kama inavyohesabika bei ya mafuta. Ukishaijua unaweza kuilipa kwa moyo mkunjufu, au ukaikataa ukiwa na sababu.

Hatua ya 1: Amua utakaa nalo miaka mingapi

Swali hili linatangulia hata aina ya gari. Gari halishuki thamani kwa mwendo mmoja: linaporomoka miaka ya mwanzo, kisha linatulia. Chukua mfano wa SUV ya kifahari iliyonunuliwa mpya kwa 100, iwe ni fedha yoyote unayotumia. Tuseme baada ya miaka 3 inauzika kwa 58, baada ya miaka 5 kwa 42, baada ya miaka 8 kwa 26. Namba hizi ni za mfano, lakini mteremko wa namna hii utauona sokoni kwa magari mengi ya daraja hilo.

Aliyeinunua mpya akaiuza baada ya miaka 3 amepoteza 42, yaani 14 kila mwaka. Aliyeinunua mpya akakaa nayo miaka 8 amepoteza 74, yaani 9 na robo kwa mwaka. Aliyeinunua ikiwa na miaka 3 na kuiuza ina miaka 8 amepoteza 32, ambayo ni 6.4 kwa mwaka. Gari ni lile lile na viti ni vile vile. Kilichotofautiana ni siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Hapa ndipo raha inapoingia kwenye hesabu, na washauri wengi wanapitwa na jambo hili. Mtu anayelipenda gari lake hukaa nalo. Anayelivumilia tu huanza kuchungulia matangazo mwaka wa pili, na kila anapobadilisha analipa upya: faida ya muuzaji, usajili, bima, na ule mporomoko wa mwanzo ambao gari lake la zamani lilikuwa limeshaupita. Ndiyo maana gari linalosifiwa kuwa la busara linaweza kukugharimu kuliko ulilolipenda, ikiwa la busara unalibadilisha kila baada ya miaka miwili na la moyo ungekaa nalo kumi.

Basi rudi nyuma uyatazame magari uliyowahi kuyamiliki. Uliyauza kwa nini? Kama sababu ilikuwa kuyachoka, ipe raha uzito mkubwa safari hii. Kama ilikuwa gereji, uimara uje kwanza. Kama huna historia yoyote kwa sababu hili ni gari lako la kwanza, anza na gari la kawaida lenye spea za kila mahali, ujijue wewe ni mtumiaji wa namna gani.

Hatua ya 2: Pima kushuka kwa thamani kwa macho yako mwenyewe

Usitegemee orodha za jumla. Fungua matangazo ya magari yanayouzwa kwenye soko lako na utafute modeli unayoitaka katika umri wa aina nne: mpya au karibu na mpya, miaka 3, miaka 5 na miaka 8. Linganisha injini ile ile, daraja lile lile la vifaa na kilomita zinazokaribiana. Andika bei tano au sita za kila umri, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua ya katikati. Kumbuka hiyo ni bei ya kuombwa, na bei ya kuafikiana huwa chini yake. Ukirudi baada ya wiki tatu ukakuta tangazo lile lile limeshushwa bei mara mbili, umeshajifunza jambo kuhusu gari hilo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukifanya zoezi hili utagundua kwamba uimara na kutunza thamani havifuatani kila mara. Jeep Wrangler hutunza thamani vizuri sana Marekani ingawa si gari linalosifiwa kwa kutoharibika. Linatafutwa kwa sababu hakuna jingine la namna yake. Kwa upande mwingine, Infiniti QX80 za kabla ya modeli ya 2025 ni ndugu wa damu wa Nissan Patrol ya kizazi cha Y62, zina injini ile ile kubwa ya V8 (silinda nane kwa umbo la V) ya lita 5.6, lakini huko huko Marekani zinashuka thamani haraka mno. Soko halikuipenda nembo yake kwa bei zilizokuwa zikiuzwa mpya. Kwa anayenunua iliyotumika, hiyo ni habari njema: hasara ameshaibeba mwingine, na injini bado ni ile ile.

Dosari nayo ina bei yake sokoni. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kesi ya wamiliki wa Toyota Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF, lilikuwa na kasoro. Jaji alikadiria kwamba kasoro hiyo iliyapunguzia magari hayo thamani kwa asilimia 17.5, mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaishusha hadi asilimia 10, na shauri likaendelea hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Nakumbusha hili kwa sababu mbili. Nembo inayoaminika kuliko zote haikuondolei haja ya kuangalia mwaka na injini. Pia, ukinunua gari lenye ugonjwa unaojulikana, dai punguzo. Usilipe bei ya gari zima.

Magari ya umeme yanahitaji jicho la peke yake. Januari 2023 Tesla ilipunguza sana bei ya magari mapya, ikiwemo Model Y, na zilizotumika zikaporomoka nyuma yake. Aliyenunua siku chache kabla aliumia. Anayenunua leo gari la umeme lenye miaka mitatu anaweza kupata raha nyingi kwa bei ndogo, mradi apime afya ya betri na asome dhamana yake, ambayo kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000.

Hatua ya 3: Uimara uko kwenye injini na giaboksi, si kwenye nembo

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi kuliko zote. Mtu akikwambia "BMW zinasumbua" au "Subaru ni imara", muulize: ipi, ya mwaka gani, injini gani?

BMW X5 ni mfano mzuri. Injini ya V8 iitwayo N63, iliyoanza kutumika mwaka 2008, ina turbo mbili zilizowekwa katikati ya safu za silinda, mahali pasipo na upepo. Joto linapika sili za valvu, mabomba na nyaya, na injini inaanza kula oili. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba BMW yenyewe iliandaa mpango maalumu wa kuwahudumia wamiliki wake Marekani mwishoni mwa 2014. Lakini injini ya B58, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyoanza mwaka 2015, imejijengea jina la heshima miongoni mwa mafundi. X5 mbili zinaweza kusimama pamoja kwenye maegesho, rangi moja na nembo moja, na moja ikawa ya kufilisi na nyingine ya kukaa nayo.

Subaru Forester nayo: injini ya EJ25 isiyo na turbo ya miaka ya nyuma inajulikana kwa gasketi za silinda hedi kuvuja, wakati familia ya FB iliyokuja baadaye ilitengenezwa upya na ugonjwa huo haukuwa desturi yake. Nissan ilifika mahali pa kurefusha dhamana ya giaboksi za CVT (zinazotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua) kwa baadhi ya modeli Marekani, ikiwemo Rogue ya kizazi cha kwanza, wakati Mazda CX-5 ya umri unaokaribiana, iliyoanza 2012, ilitumia giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia sita. Land Rover zenye injini za dizeli za TDV6 zinaogopwa kwa kukatika kwa kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, na hilo likitokea huna cha kutengeneza, unatafuta injini nyingine. Porsche Cayenne za mwanzo za V8 zilikuwa na mabomba ya plastiki ya maji ya kupozea injini, yakizeeka yanapasuka. Lakini ukikuta yameshabadilishwa kuwa ya aluminiamu, na risiti ipo, ugonjwa huo umeshapona na bei bado ni ya gari linaloogopwa. Fursa za namna hiyo ndizo za kuzitafuta.

Unaposoma malalamiko ya wamiliki, yagawe mafungu matatu. Kuna hitilafu za kuudhi: skrini inagoma, kitasa kinalegea. Kuna za kukuacha njiani: pampu ya mafuta, kompresa, sensa. Na kuna za kuua gari: cheni ya taiming, kranki, giaboksi. Gari lenye hitilafu kumi za fungu la kwanza linaweza kukufaa miaka mingi. Lenye moja ya fungu la tatu ambayo inajirudia kwa wamiliki wengi, liache hata kama umelipenda vipi.

Shokapu za hewa zinastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndizo zinazowapa Range Rover na wenzake ule utulivu unaowafanya watu waingie kwenye deni. Badala ya springi ya chuma, gari linabebwa na mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Kila gari linapopanda na kushuka, mpira unajikunja mahali pale pale, na miaka ikienda nyufa ndogo zinatokea kwenye mkunjo. Hewa inavuja kidogo kidogo. Kompresa inajiwasha mara kwa mara kujaza kinachopotea, inachemka, mwisho inaungua. Aliyebadilisha mfuko mapema analipia mfuko. Aliyesubiri analipia mfuko na kompresa. Kukagua ni rahisi: omba kuliona gari asubuhi, kabla halijawashwa. Simama mita chache mbele yake, angalia nafasi kati ya tairi na madigadi kwa kila kona. Kona iliyolala usiku kucha itakuwa chini kuliko wenzake. Kisha liwashwe, usikilize kompresa. Ikikoroma muda mrefu bila kunyamaza, punguza bei au ondoka.

Jambo jingine ni kuchanganya umri na kilomita. Gari la miaka 12 lenye kilomita chache linavutia kwenye tangazo, lakini mpira, plastiki na sili huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mimi ningechukua gari la miaka 5 lililotembea barabara kuu kwa sevisi za wakati kuliko la miaka 12 lililokaa kivulini.

Hatua ya 4: Itaje raha yako kwa jina

Watu husema "napenda gari lenye raha" bila kusema raha ipi. Andika. Je, ni nguvu ya kulipita lori bila wasiwasi? Ni ukimya ndani ya gari baada ya siku ya kelele? Ni usukani unaokujibu kwenye kona? Ni kuketi juu na kuona mbali? Au ni watu wakuone ukishuka? Hilo la mwisho si dhambi, lakini lijue, kwa sababu ndilo linaloshuka thamani haraka kuliko mengine: kizazi kipya kikitoka, lako linakuwa la zamani siku hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu raha zinazodumu ni viti, ukimya, ulaini wa mwendo, nguvu ya kutosha na usukani mzuri. Zinazochuja ndani ya mwaka mmoja ni skrini kubwa, taa za rangi za ndani na paa la kioo. Rimu kubwa za inchi 21 au 22 naziweka kando kabisa: zinapendeza kwa macho, lakini ubavu wa tairi unakuwa mfupi, mashimo yanapiga hadi kwenye mgongo, na tairi zake ni ghali. Modeli ile ile yenye rimu za inchi 18 au 19 mara nyingi ni tulivu zaidi na ya bei ndogo zaidi.

Usiijaribu raha kwa dakika kumi mbele ya duka. Likodi gari la modeli hiyo kwa siku mbili tatu, upite njia zako za kila siku, uegeshe unapoegesha, uwapakie unaowapakia. Wapo wanaogundua kwamba gari walilolitamani miaka lina kiti kinachowaumiza kiuno. Wapo pia wanaogundua kwamba Toyota RAV4 ya haibridi (ya petroli na umeme), waliyoiona ya kuchosha, inawatosha kwa ukimya wake mjini.

Hatua ya 5: Tafuta bei ya raha kwa mwezi

Sasa weka magari mawili sambamba. La hesabu: unalinunua jipya kwa 100, baada ya miaka 5 linauzika kwa 65, matengenezo ni 3 kwa mwaka. Jumla ya gharama: 35 na 15, yaani 50. La moyo ni lile la hatua ya kwanza: jipya kwa 100, baada ya miaka 5 ni 42, matengenezo 7 kwa mwaka. Jumla: 58 na 35, yaani 93. Tofauti ni 43. Igawe kwa miezi 60, unapata takriban 0.7 kwa mwezi.

Sasa nunua lile la moyo likiwa na miaka 3 kwa 58, uliuze lina miaka 8 kwa 26. Matengenezo yamepanda, weka 9 kwa mwaka. Jumla: 32 na 45, yaani 77. Tofauti na gari la hesabu jipya imeshuka kutoka 43 hadi 27, karibu 0.45 kwa mwezi, na fedha uliyoifungia kwenye gari ni ndogo, jambo lenye uzito mkubwa ukiwa unalipa riba ya mkopo.

Jaribu vivyo hivyo kwa gari la hesabu lililotumika. Lina miaka 3 unauziwa 78, unaliuza kwa 50, matengenezo 4 kwa mwaka: jumla 48. Umeokoa 2 tu kuliko kununua jipya. Kwa hiyo magari yanayotunza thamani sana, kama Land Cruiser, mara nyingi yanafaa kununuliwa mapya au karibu na mapya ukiwa na uwezo. Yaliyotumika yanauzwa ghali mno kwa kilomita yalizobeba. Magari ya kifahari yanayoporomoka ni kinyume chake: mapya yaachie wengine.

Ongeza tofauti ya mafuta, bima, kodi na tairi kwa namba za kwako, kisha ugeuze ile tofauti ya mwezi kuwa fedha halisi. Jiulize kama ungekubali kuitoa taslimu kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya vile ulivyoviandika kwenye hatua ya 4. Ukisita, jibu unalo.

Katikati ya pande hizi mbili kuna magari ambayo watu huyapita bila kuyaona. Lexus GX 460 imejengwa juu ya Prado ya kizazi cha J150 na kupewa V8 ya lita 4.6 isiyo na turbo. Ni tulivu na imara, na unacholipia ni petroli. Mazda CX-5 ina usukani mzuri kuliko bei yake. Forester XT, iliyosimamishwa baada ya kizazi kilichoishia 2018, inawapa wenye familia nguvu ya turbo bila gharama za kifahari, kwa masharti ya oili ya wakati.

Hatua ya 6: Tafuta fundi kabla ya gari, na fedha ya akiba kabla ya funguo

Kama umeamua gari la moyo, tenga asilimia 10 hadi 15 ya bei ya ununuzi pembeni kabla hujalipa. Ikiwa kuitenga kunakulazimu kukopa, gari hilo limekuzidi kwa sasa. Shuka daraja moja. Mpate fundi anayeijua injini hiyo na mwenye kompyuta ya kupimia chapa hiyo, na umlipe alikague gari. Aanze injini ikiwa ya baridi, asikilize cheni sekunde za mwanzo, aangalie moshi, asome kumbukumbu za hitilafu na aone kama zimefutwa karibuni. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, hakikisha tairi nne ni za saizi moja na zimelika sawa, kwa kuwa tairi zisizolingana huumiza mfumo wa kugawa nguvu.

Uliza oili ya giaboksi. Watengenezaji wengi wa magari huandika kwamba haibadilishwi maisha yote, lakini ZF, anayetengeneza giaboksi za gia nane zilizomo kwenye BMW, Land Rover, Jeep na nyinginezo, anashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 kulingana na matumizi. Risiti ya kazi hiyo inanipa imani kuliko ngozi inayong'aa.

Kama hili litakuwa gari pekee la nyumbani na kazi yako haina nafasi ya kuchelewa, uimara upewe kura ya turufu. Na usichukue mkopo wa miaka 7 kwa gari linaloporomoka miaka 3 ya mwanzo. Utafika mahali deni ni kubwa kuliko gari, na huwezi hata kuliuza utoke.

Hatua ya 7: Panga siku ya kuuza tangu siku ya kununua

Chagua rangi inayouzika sokoni kwako isipokuwa rangi yenyewe ni sehemu ya raha yako. Hifadhi kila risiti kwenye jalada moja, na funguo zote mbili. Usibadilishe kompyuta ya injini wala mabomba ya moshi. Mnunuzi wa kesho atadhani uliliendesha kwa fujo. Fuatilia habari za kizazi kipya cha modeli yako, na kama ulishapanga kuuza, uza kabla hakijaingia sokoni. Kama hukupanga kuuza, puuza habari hizo na ulipeleke gari sevisi.